Gitaa la Milioni Kumi na Sita

Jumapili moja ya mavuno, miaka minne iliyopita, nilisimama mbele ya madhabahu katika usharika ninaouhudumia, nikaweka mkono juu ya gitaa la besi na kuliombea. Lilikuwa limetoka Marekani, kwenye karakana ndogo inayotengeneza magitaa machache kwa mwaka, kila moja kwa oda ya mteja. Bei yake ilikuwa dola 6,500, yaani takribani shilingi milioni 16 kwa fedha yetu. Kina mama walipiga vigelegele, kwaya ya vijana ikasimama. Nami nikasema “Amina” kwa sauti kubwa kuliko wote.

Leo naandika kuipinga ile Amina yangu. Nimeona mambo kama haya yakianza katika sharika nyingine pia, na kila mahali maneno ni yale yale: “Mungu anastahili kilicho bora.” Naam, anastahili. Lakini nasema kwamba usharika unaonunua gitaa la namna hiyo kwa bahasha za waumini, kabla haujamfundisha mtu wa kulipiga, umeweka sadaka mahali pasipo pake. Na tunapolitumia jina la Mungu kuuhalalisha ununuzi huo, tunaongeza kosa juu ya kosa.

Nianze kwa kuwatendea haki mafundi. Gitaa la besi la umeme si chombo cha zamani sana. Zamani wanamuziki walitumia besi kubwa ya kusimama, yenye kimo cha mtu mzima, ngumu kusafirisha na isiyosikika vizuri palipo na kelele. Mwaka 1951 kiwanda cha Leo Fender huko California kilianza kuuza Precision Bass, gitaa la besi la kubeba begani, lenye shingo iliyofungwa kwa skrubu ili likiharibika litengenezeke kwa urahisi. Kilikuwa chombo cha kiwandani, kwa ajili ya mwanamuziki wa kawaida anayetafuta riziki.

Baadaye wakatokea mafundi waliotaka kwenda mbali zaidi. Mfano ni Fodera, karakana iliyoanzishwa Brooklyn, New York, mwaka 1983. Magitaa yake yamepigwa na mabingwa kama Victor Wooten, na yako ambayo bei yake hupita dola 10,000. Fundi wa namna hii huchagua mbao moja moja, huichonga shingo mpaka ikae vizuri mkononi, na husawazisha vile vyuma vidogo vya shingoni ili kila noti ilie kwa nguvu sawa na mwenzake. Kazi hiyo huchukua muda mwingi. Siwaiti wezi. Fundi anayekesha juu ya chombo kimoja anastahili ujira wake, kama alivyostahili seremala aliyetuchongea madhabahu. Ugomvi wangu hauko kwa anayeuza. Uko kwetu sisi tunaonunua, na uko juu ya fedha tunazonunulia.

Sasa tuifuate sauti ya gitaa hilo ndani ya kanisa letu. Uzi mnene wa gitaa la besi la nyuzi nne hutikisika takribani mara 41 kwa sekunde. Gitaa la nyuzi tano, kama letu, hushuka hadi takribani mara 31. Sauti hiyo hutoka kwenye nyuzi, hupita kwenye vinasa sauti, huingia kwenye waya, kisha kwenye amplifaya, kisha kwenye mtambo wa fundi wetu, ndipo hufika kwenye spika. Spika zetu ni zile za kawaida zilizonunuliwa kwa ajili ya mahubiri na kwaya, na kwa noti za chini kabisa hulegea kabla hazijafika huko. Kinachobaki hugonga kuta za saruji na bati la juu, hurudi mara mbili tatu, na kuchanganyika na ngoma na makofi. Mama aliyeketi benchi la kumi na mbili hupokea mvumo. Ni mvumo mzuri, na unamsaidia kuimba. Lakini zile dola 6,500 zilishukia njiani.

Nina ushahidi. Miezi michache baada ya lile gitaa kuwekwa wakfu, lilipelekwa mjini kwa matengenezo. Jumapili tatu mfululizo ibada zetu mbili zilipigiwa gitaa la zamani la usharika, lililonunuliwa likiwa limeshatumika, rangi imebanduka na waya wake umefungwa kwa utepe mweusi. Hakuna muumini hata mmoja aliyeuliza kulikoni. Mimi mwenyewe sikutambua mpaka nilipoambiwa na fundi mitambo.

Tofauti ipo, sikatai. Mpigaji aliyebobea huihisi mara tu anapolishika gitaa kama lile. Mkono hauchoki, noti hazimkwepi, na ukimweka kwenye studio nzuri hata sisi wengine tutaanza kuisikia. Lakini sehemu kubwa ya tofauti hiyo huonwa na mkono wa mpigaji, si na sikio la msikilizaji. Basi mtu aliyefika kiwango hicho, tena anunue kwa jasho lake, simnyooshei kidole. Ni kama msusi anayenunua mkasi mzuri. Kwake bei hiyo inaweza kuwa halali kabisa.

Lakini hata huko kwa mabingwa, bei si ndiyo iliyowafanya mabingwa. Katika miaka ya 1960 nyimbo nyingi zilizotoka Motown, kule Detroit, zilipigiwa besi na James Jamerson. Alitumia Precision Bass ya kiwandani, ya mwaka 1962, na alijulikana kwa kutopenda kubadilisha nyuzi zake. Wapiga besi wa dunia nzima wamekaa chini kumsikiliza mtu huyo na chombo chake cha kiwandani. Wazee wetu walishasema: mchagua jembe si mkulima.

Hapa najua nitajibiwa kwa methali nyingine: rahisi ghali. Ni kweli, na nimeyaona hayo pia. Kuna magitaa ya bei ya chini mno ambayo shingo hupinda kabla ya Pasaka, na kijana akijifunzia humo anaharibika masikio. Sisemi tununue takataka kwa ajili ya nyumba ya Mungu. Nasema kati ya takataka na milioni 16 kuna uwanja mpana sana. Leo gitaa la besi la kiwandani la dola 300 au 400, likipita mikononi mwa fundi anayejua kuinyoosha shingo na kupanga kimo cha nyuzi, linalia sawasawa na linakaa miaka mingi. Tukitoka hapo kwenda juu, kila dola inayoongezwa huleta badiliko dogo kuliko ile iliyotangulia. Anayetumia methali ya “rahisi ghali” kuruka kutoka takataka moja kwa moja hadi karakana ya Marekani ameruka uwanja wote wa katikati kwa makusudi.

Nije sasa kwenye hoja nzito, kwa sababu ndiyo niliyoitumia mimi. Siku ya harambee nilihubiri juu ya mwanamke aliyevunja chupa ya marhamu ya nardo na kuimimina juu ya Yesu, Marko sura ya 14. Nikaeleza kwamba marhamu ile ilikadiriwa kuuzwa kwa zaidi ya dinari mia tatu, karibu ujira wa kibarua kwa mwaka mzima. Nikahamia Yohana sura ya 12, nikawakumbusha kwamba aliyelalamika alikuwa Yuda. Maana yake ilieleweka: anayesita kutoa ahadi ya gitaa yuko upande wa Yuda. Watu wakatoa. Kati yao alikuwemo bibi mmoja aliyeahidi shilingi 20,000, akaimaliza ahadi yake kwa kuuza kuku.

Nimelisoma fungu lile mara nyingi tangu siku hiyo, na linanihukumu. Katika kisa chote, mwanamke hataji bei, wala Yesu hataji bei. Dinari mia tatu zinatajwa na wanaonung’unika. Sisi je? Bei ya gitaa letu ilitangazwa Jumapili sita kabla halijafika, ikatangazwa tena lilipofika, na hata leo mgeni akija ndicho kitu cha kwanza anachoambiwa. Tumejiita wanafunzi wa yule mwanamke huku tukizungumza kama wapinzani wake.

Tena marhamu ilikuwa ya kwake. Hakupita nyumba kwa nyumba na kadi za mchango akiwatisha majirani kwa jina la Yuda. Na akaimimina yote, chupa ikavunjika, hakikubaki kitu cha kuonyesha watu. Daudi naye, katika 2 Samweli 24, alipokataa kumtolea Bwana sadaka isiyomgharimu, alilipa yeye mwenyewe shekeli hamsini za fedha kwa ajili ya kiwanja na ng’ombe. Maandiko haya mawili hutajwa katika kila harambee ya vyombo vya muziki, nami sioni mahali ambapo mmoja wao anatoa kuku wa mwingine.

Na kisa cha yule mjane wa senti mbili, Luka 21, tukisome kuanzia mistari inayokitangulia. Yesu alikuwa ametoka tu kuwaonya watu juu ya waalimu wa sheria wanaokula nyumba za wajane. Halafu macho yake yakamwona mjane akitoa. Kila mchungaji anayeshika kipaza sauti siku ya harambee na asome mistari hiyo pamoja, bila kuitenganisha. Mimi sikuisoma.

Asiwepo mtu wa kudhani nasema fedha za muziki zigawiwe maskini na tuimbe bila vyombo. Mimi ni Mlutheri. Luther mwenyewe alipiga luti, kinanda cha nyuzi cha wakati ule, na aliupa muziki nafasi ya karibu kabisa na theolojia. Nataka fedha za muziki zibaki kwenye muziki. Ninalalamika kwa sababu hazikufika kwenye muziki.

Nieleze zilikofika. Tulikuwa na kijana aliyetupigia besi kwa miaka minane. Siku za kazi ni dereva wa bodaboda. Alijifunza mwenyewe kwenye lile gitaa la zamani, na kila Jumamosi jioni alikuwa na watoto wanne wa darasa la kipaimara wamemzunguka, kila mmoja akisubiri zamu yake. Gitaa lilipita mikono yote hiyo. Likianguka, lilifutwa vumbi.

Gitaa jipya lilipofika, kamati ilikaa na kuamua, nami nikiwa kwenye kiti, kwamba chombo cha thamani kama kile hakiwezi kushikwa na kila mtu. Kikapatikana kabati chenye kufuli, na funguo zikakaa kwa kiongozi mmoja. Watoto wakaambiwa wasiguse. Kisha ikaonekana kwamba chombo kama kile kinahitaji mpigaji wa hadhi yake, akaletwa mtu kutoka mjini kwa shilingi 30,000 kila Jumapili. Kijana wetu akaambiwa asubiri kwanza, apate uzoefu. Apate wapi, ilhali funguo ziko kwa mtu mwingine? Alisubiri miezi mitatu, akaacha kuja mazoezini. Wale watoto wanne nao wakatawanyika. Mwaka uliofuata mpigaji wa kukodi alipata kazi nyingine yenye malipo mazuri zaidi, na hatuwezi kumlaumu. Gitaa la milioni 16 sasa limelala kwenye kabati la sakristia. Kwaya inaimba bila besi.

Hiyo ndiyo gharama ambayo haikuandikwa kwenye kadi ya harambee. Chombo cha bei ya kawaida ni shule, kwa sababu hakuna anayeogopa kumpa mtoto akishike. Chombo cha bei ya kutisha huwa mali ya kulindwa, na kinacholindwa mno hakifundishi mtu. Tulinunua gitaa, tukapoteza mpigaji mmoja na wengine wanne waliokuwa wakichipuka nyuma yake.

Kama tungewasikiliza baba zetu wa imani, tusingefika hapo. Mwaka 1524 Luther aliwaandikia madiwani wa miji yote ya Ujerumani juu ya shule. Aliwauliza: ikiwa kila mwaka mnatumia fedha nyingi kwa silaha, barabara, madaraja na kuta za maji, kwa nini msitumie walau kiasi cha kumweka mwalimu mmoja au wawili wa kuwafundisha vijana? Aliona wepesi wa watu kutoa fedha kwa kitu kinachoonekana, na uzito wao wa kutoa kwa ajili ya kichwa cha mtoto.

Johann Sebastian Bach naye, mwanamuziki mkuu wa kanisa letu, aliiandikia halmashauri ya mji wa Leipzig mwaka 1730 juu ya mahitaji ya muziki wa kanisa. Nani asingetarajia aombe vinanda vya fahari? Alichohesabu ni watu: waimbaji wangapi na wapigaji wangapi wanahitajika, na kati ya waliopo wangapi wanafaa. Akalalamika kwamba mpigaji anayehangaikia chakula hawezi kuukuza ujuzi wake, akatoa mfano wa wanamuziki wa Dresden waliolipwa vizuri na mfalme. Bach huyo huyo alikuwa mkaguzi wa vinanda vya kanisa, na inasimuliwa kwamba jambo la kwanza alilolipima ni kama kinanda kina mapafu, yaani pumzi ya kutosha. Gitaa letu lina mwili mzuri sana. Mapafu yake ni spika, fundi mitambo na vidole vya mtu. Hayo hatukuyakagua.

Na kabla ya Luther na Bach, katika Kutoka sura ya 31, Mungu anapotaka hema yake ipambwe, anaanza kwa kutaja jina la mtu. Ni Bezaleli, mwana wa Uri, aliyejazwa Roho wa Mungu na ujuzi wa kila kazi. Orodha ya vyombo inafuata baadaye. Sisi tulianza na orodha ya vyombo, na Bezaleli wetu tukamwacha kijiweni na pikipiki yake.

Ili nisionekane mtu wa kubomoa tu, nimekaa na kalamu. Magitaa mawili mazuri ya kiwandani, moja la ibada na moja la mafunzo, ni kama milioni mbili. Amplifaya ya besi inayofaa kanisa letu, milioni mbili nyingine. Posho ya mwalimu wa kila Jumamosi, shilingi 150,000 kwa mwezi kwa miaka miwili, ni milioni tatu na laki sita. Nyuzi na matengenezo, laki nne. Jumla ni milioni nane. Nusu nyingine ya fedha ile ingebaki, na ingetosha kuanza kumsomesha kijana mmoja wa kwaya. Chuo chetu cha Makumira kinafundisha shahada ya muziki. Ningependa kusikia harambee moja tu inayotangazwa kwa ajili ya kitu kama hicho.

Basi, ndugu mzee wa kanisa, na wewe ndugu mwanakwaya, kadi ya mchango wa chombo itakapokufikia, usione aibu kuuliza. Nani atakipiga, na amefundishwa na nani? Je, mtoto wa kipaimara ataruhusiwa kukigusa? Je, spika zetu zitaweza kuitoa sauti tunayoilipia? Na je, tungekinunua kama bei yake isingetangazwa? Mwenye kuuliza hivyo si Yuda. Aliyekuita Yuda, nikiwemo mimi, ndiye anayepaswa kuomba radhi.

Mimi nimeanza. Mwezi uliopita nilikwenda kijiweni kwa yule kijana. Aliniamkia kwa heshima kama zamani: “Shikamoo, Mchungaji.” Nikamwambia nimekuja kuomba msamaha, nikamweleza kwa nini. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, “Sikuondoka kwa hasira, Mchungaji. Niliona tu kwamba pale hakuna kazi yangu tena.” Halafu akauliza, “Lile la zamani bado lipo?” Lile jipya hakuliulizia.

Lipo. Lilikuwa stoo, chini ya viti vilivyovunjika, limebaki na nyuzi mbili. Nimelitoa, nimelinunulia nyuzi kwa fedha yangu, na Jumamosi saa kumi jioni mlango wa kanisa unakuwa wazi. Jumamosi ya kwanza alikuja peke yake. Ya pili alikuja na mtoto mmoja.

Nimepeleka hoja kwenye baraza la wazee kwamba gitaa la milioni 16 liuzwe kwa mwanamuziki anayeliweza, na fedha zitumike kwa mwalimu na vyombo vya mafunzo. Wazee kadhaa wamekasirika. Wanasema tutawaambia nini waliochanga. Nimewajibu kwamba kwa yule bibi wa kuku nitakwenda mwenyewe.